Rangi Haishiki Yenyewe: Vifaa vya Mchoraji, Kuanzia Mkaa Hadi Gome la Mutuba

Neno letu "rangi" limebebeshwa kazi nyingi mno. Wekundu wa nyanya ni rangi. Kopo la dukani ni rangi. Unga wa kutilia ukili wa mkeka ni rangi, na hata chai isiyo na maziwa tunaiita chai ya rangi. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna tabu, tunaelewana. Tabu huanza siku unaposhika brashi.

Nafundisha uchoraji katika karakana ndogo hapa Kampala. Vijana wangu wametoka Busia, Arua na Kasese, wengine Goma na Bukavu, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kiswahili hicho hicho ndicho kinachozaa swali ninaloulizwa kuliko yote: "Mwalimu, rangi ya maji imeharibikaje kwa maji?"

Huharibika kwa sababu "rangi ya maji" ni vitu vitatu vinavyotumia jina moja. Kuna ile ya vidonge na mirija, ya kuchorea kwenye karatasi. Kuna ya ukutani, inayouzwa kwa ndoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Halafu kuna akriliki. Zote tatu unazichanganya kwa maji, na brashi unaiosha kwa maji. Zikishakauka ndipo zinapoachana. Ya kwanza ukiigusa kwa kidole chenye unyevu inarudi kuwa rangi mbichi. Hizo mbili nyingine hazirudi. "Rangi ya mafuta" nayo ni vivyo hivyo: mpaka mageti ana yake, mchoraji wa turubai ana yake, na ukizibadilisha utajuta.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ukuta wa nje wa shule moja: ramani ya Afrika, twiga, na herufi za alfabeti. Nilitumia rangi ya unga ya kukoroga na maji kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na ilikuwa kali machoni. Mvua za Machi zilipoanza, njano ya twiga ikachirizika hadi kwenye msingi, na watoto wakawa wanaipangusa kwa viganja. Nilipaka ukuta mzima upya kwa pesa zangu. Rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kitu cha kuishika ukutani.

Unga na gundi

Rangi yoyote ya kuchorea, iwe imetoka ng'ambo kwenye mrija wa bei mbaya au imechimbwa nyuma ya nyumba, ina vitu viwili vya msingi. Cha kwanza ni unga wenye rangi, chembe ndogo sana ambazo haziyeyuki, zinaelea tu. Cha pili ni kitu kinachozishika chembe hizo zenyewe kwa zenyewe na kuzigandisha kwenye karatasi, kitambaa au ukuta. Nitakiita gundi, hata pale kinapokuwa mafuta au yai. Maji au tapentaini ni msafiri tu: humsaidia mchoraji kueneza rangi, kisha huondoka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba unga ule ule unaweza kuingia kwenye rangi za kila aina. Udongo mwekundu uliosagwa ukiuchanganya na gundi ya mgunga unapata rangi ya maji ya karatasi. Ukiuchanganya na mafuta ya kitani, yaani ya mbegu za kitani, unapata rangi ya mafuta. Ukiuchanganya na kiini cha yai, unapata rangi ya yai waliyotumia wachoraji wa Ulaya kabla mafuta hayajashika hatamu. Wekundu ni mmoja. Kinachobadilika ni gundi, na gundi ndiyo inayoamua rangi itakauka vipi, itang'aa au itafifia, itapasuka au itakunjika pamoja na kitambaa.

Gundi ya mgunga ni ute unaotoka kwenye jeraha la gome la mti. Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuvuna, na hapa kwetu miti yake ipo Karamoja. Ute huo huyeyuka kwenye maji, hukauka, na ukiumwagia maji tena huyeyuka tena. Ndiyo maana mchoraji wa rangi ya maji anaweza kurudi kesho yake na brashi yenye unyevu, akalainisha ukingo wa wingu alilolichora leo. Ni uwezo mzuri kwenye karatasi inayokaa ndani ya nyumba. Kwenye ukuta wa nje ni maangamizi.

Akriliki, iliyoanza kuuzwa kwa wachoraji katika miaka ya 1950, hushika kwa njia nyingine kabisa. Gundi yake ni vitone vidogo vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, vitone husogeleana, hubanana, huungana kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo haivunjwi tena na maji. Rangi nzuri ya maji ya ukutani ni ndugu yake wa karibu, ila imejazwa unga mweupe wa bei rahisi ili ifunike eneo kubwa, na unga wenye rangi ndani yake ni kidogo. Ukiichorea picha, utaona nyekundu yako inakuwa kama imepigwa vumbi. Hata hivyo kwa tabaka la kwanza la kuandalia kitambaa inafaa sana, na wachoraji wengi wa Kampala, nikiwemo, tunaitumia hivyo.

Mafuta ya kitani nayo watu huyaelewa vibaya. Hayakauki kwa kuondokewa na maji, maana hayana maji. Huvuta hewa. Oksijeni huingia kwenye mafuta, chembe zake zikashikana, na kile kilichokuwa kimiminika kikawa kitu kigumu. Kazi hiyo huchukua siku, na tabaka nene linaweza kuchukua majuma mengi. Kutokana na hilo ikazaliwa kanuni ambayo kila mchoraji wa mafuta huimba: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka na kukaza huku la chini bado linasogea, na picha itapasuka kama kidimbwi wakati wa kiangazi. Kijana mmoja aliwahi kuniletea rangi aliyoikoroga mwenyewe kwa mafuta ya mawese. Ilikuwa laini na ya kupendeza, na haikukauka. Mawese hayana uwezo huo wa kuvuta hewa na kuganda, hata ungeyasubiri mwaka mzima.

Kalamu isiyo na risasi

Kwenye vifaa vikavu, lugha yetu imehifadhi kosa la zamani. Tunasema "kalamu ya risasi", na ndani yake hamna risasi hata chembe. Kuna grafiti, ambayo ni kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni. Mbinu hiyo ya kuchanganya ilipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1795 kwa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, wakati nchi yake ilipokuwa vitani na kukosa grafiti safi ya Uingereza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu: hizo ndizo zenye herufi H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi: hizo ndizo za B. Kwa hiyo 6B si "kali" kuliko 2B kama vijana wanavyodhani. Ni laini zaidi, na huisha haraka zaidi.

Mkaa ni kaboni pia, lakini hauna gundi yoyote. Huo ndio uzuri wake na ndiyo taabu yake. Unakaa juu ya karatasi kwa kunasa kwenye vinyweleo vyake tu, ndiyo maana karatasi laini inayong'aa haifai. Unaweza kuufuta kwa kipande cha mkate, ukausugua kwa kidole kupata kivuli, ukaupuliza na ukapoteza nusu ya kazi. Mkaa wa jikoni unafaa kwa mazoezi, ila una mafundo magumu yanayokwaruza. Sisi hutengeneza wetu: vijiti vyembamba vilivyokauka, vimemenywa gome, vimepangwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliofunikwa vizuri, kifuniko kikitobolewa tundu moja dogo kwa msumari. Mkebe unaingia kwenye sigiri. Moshi utatoka tunduni, kwanza mweupe na mwingi, kisha utapungua. Ukikoma, toa mkebe na uuache upoe kabisa kabla ya kufungua. Ukifungua ungali moto, hewa itaingia na vijiti vyote vitageuka majivu mbele ya macho yako.

Mchoro wa mkaa ukimalizika, inabidi uupe gundi ambayo haukuwa nayo. Dukani kuna dawa maalumu ya kupuliza. Zamani walitumia maziwa yaliyoondolewa mafuta; mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alikaushia michoro yake ya penseli kwa maziwa. Nimejaribu: maziwa yasiyo na mafuta, maji kiasi, chupa ya kupulizia nywele, ukisimama mbali ili matone yasichirizike. Protini ya maziwa hushika. Maziwa yenye mafuta huacha madoa na baadaye mende.

Wekundu unaodumu

Ukienda Nyero, wilayani Kumi, utapanda kwenye majabali makubwa na kukuta michoro: duara ndani ya duara, mistari, maumbo yanayofanana na mitumbwi, mingi kwa rangi nyekundu, mingine nyeupe. Waliochora waliishi hapo kabla ya Waiteso kufika, na wengi wanaona ni mababu wa jamii za wawindaji kama Watwa. Swali la mwanafunzi wangu mmoja mbele ya jabali lilikuwa zuri: "Mbona nyekundu ya nguo yangu imechuja kwa mwaka mmoja, na hii ipo?"

Nyekundu ya jabalini ni ya chuma kilichokwisha kupata kutu. Kutu haina pa kwenda tena. Jua limeshindwa kuigeuza. Nguo ile imetiwa rangi inayoyeyuka, inayopenya ndani ya uzi, na nyingi za jamii hiyo huvunjwa na mwanga. Unga usioyeyuka na rangi inayoyeyuka ni mambo mawili, ijapokuwa zote tunaziita rangi. Manjano ya jikoni ni mfano mwingine: inapaka njano ya kuvutia sana, na ukiiweka dirishani inaisha ndani ya majuma machache. Nawafundisha vijana kufanya jaribio wenyewe. Paka ukanda, funika nusu kwa karatasi ya bati, bandika kwenye kioo cha dirisha, subiri mwezi. Nusu iliyofunikwa ndiyo ushahidi.

Udongo mwekundu wa Uganda una chuma hicho hicho, na kuugeuza rangi hakuhitaji duka. Tunachimba chini kidogo, pasipo na mizizi. Tunaukoroga kwenye ndoo ya maji, tunahesabu hadi thelathini, mchanga unazama. Maji mekundu yanayobaki juu tunayamimina kwenye ndoo ya pili polepole, bila kugusa mashapo. Tunarudia mara tatu. Ndoo ya mwisho tunaiacha usiku kucha. Asubuhi maji ni meupe juu na chini kuna tope laini kama malai. Likikauka tunalisaga kwa chupa juu ya kipande cha kioo. Ndoo nzima ya udongo hutoa unga wa kujaza vikombe vichache tu. Kisha kiini cha yai moja: ukiviringishe kiganjani hadi kikauke nje, ukitoboe, umiminie kilichomo kwenye kikombe na uitupe ngozi. Kijiko cha kiini, kijiko cha unga, matone ya maji. Rangi hii hukauka ukiwa bado unatafuta brashi nyingine, kwa hiyo huwezi kuilainisha kama mafuta; unajenga kivuli kwa mistari midogo midogo inayopishana. Na usiogope umanjano wa kiini. Huchuja wenyewe ndani ya muda mfupi.

Udongo wa njano nao una chuma, ila kimeshikana na maji. Uchome kwenye kikaango kikavu na utauona ukigeuka mwekundu mbele yako, maji yale yakitoka. Kwa mafunzo ya sayansi sijaona kitu kinachowashika watoto kama hicho.

Kwa weusi, ladha ya majaribio ni tofauti. Chukua misumari yenye kutu, itie kwenye siki kwa siku kadhaa. Chemsha majani ya chai hadi yawe mazito. Changanya matone ya kimoja kwenye kingine: chai ya rangi inageuka nyeusi papo hapo. Kitu kinachoifanya chai ikakamae kinywani hukutana na chuma, wakazaa weusi. Kwa kemia hiyo hiyo Ulaya waliandikia nyaraka zao kwa karne nyingi. Na ndiyo kemia ya gome la mti linalotiwa weusi kwa matope ya kinamasi yenye chuma.

Gome

Hapo ndipo ninapofika kwenye kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kina umri mkubwa Buganda kuliko ufumaji wa pamba. Kazi yake ni ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji. Gome la ndani hubanduliwa msimu wa mvua, na shina hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke. Ukitunzwa, mti mmoja huvunwa kila mwaka kwa miaka ipatayo 40. Kisha gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi myembamba, chini ya kibanda, kwa sababu jua likiliwahi litakakamaa kabla halijatanuka. Likianikwa hupata ule wekundu wa udongo uliochomwa. Ya wafalme na machifu yalitiwa weupe au weusi. UNESCO iliitambua sanaa hii mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Kwa mchoraji, lubugo si kitambaa cha kawaida, na wengi hukiharibu kwa kukichukulia hivyo. Hakina mtande wala mshindio; ni nyuzi za gome zilizopigwa zikashikana. Kikilowa hulegea na kinaweza kuchanika mkononi. Ukimulika taa kwa nyuma utaona sehemu nyembamba kama karatasi ya sigara, makovu ya matawi, na viraka vilivyoshonwa. Rangi yake ya kahawia hupanda: paka nyeupe ya akriliki moja kwa moja na baada ya saa moja nyeupe yako imekuwa ya chai. Mafuta ya kitani nayo, yakigusa nyuzi bila kizuizi, huziunguza polepole hadi zikawa za kuvunjika.

Njia yangu, baada ya vipande kadhaa kuharibika, ni hii. Nakaza amerikani kwenye fremu ya mbao. Nabandika lubugo juu yake kwa gundi nyeupe ya mbao isiyo nzito, nikilisukuma kwa kiganja kuanzia katikati, sivuti. Likikauka napaka uso wake gundi hiyo hiyo iliyopunguzwa maji, mara mbili, nyembamba sana. Haionekani, lakini imefunga mlango: kahawia haipandi, mafuta hayazami. Silifuniki kwa nyeupe. Ukilifunika lote, umeua sababu ya kulichagua. Kahawia yake ni kivuli cha kati kilichokwisha kutayarishwa. Unaongeza mwanga kwa nyeupe na giza kwa nyeusi, na ngozi ya uso wa mtu inapatikana katikati bila kupakwa.

Lina uzito mwingine pia, usiohusu gundi. Lubugo huzikiwa watu, na huvaliwa katika ibada za jadi. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alimwambia, "Mwanangu, sanda haining'inizwi sebuleni." Sikumbishia. Kijana alihamishia kazi yake karakanani na mama alikuja kuitazama huko, akakaa nayo muda mrefu.

Wasanii wetu wakubwa wamelijibu gome hili kila mmoja kwa njia yake. Fred Mutebi, mchapaji wa michoro ya mbao, amekuwa akihimiza upandaji wa mituba. Sanaa Gateja hulishonea shanga za karatasi zilizoviringishwa kwa mkono, na hapo uzi ndio gundi. Mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, Acaye Kerunen, aliyeonyesha pamoja na Collin Sekajugo, alipeleka kazi za nyuzi za mimea zilizosukwa, na banda likatajwa kwa heshima maalumu.

Na hiyo amerikani ninayoikaza chini ya gome ina hadithi yake. Ni pamba isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, Marekani, katika karne ya 19. Ndiyo asili ya jina. Miongoni mwa bidhaa walizorudi nazo ilikuwa sandarusi, utomvu mgumu wa pwani yetu, uliotumika kutengeneza vanishi. Kwa maneno mengine, kitambaa chao kilikuja kuwa turubai yetu, na utomvu wetu ukang'arisha mbao zao.

Siku hizi kila kazi inayotoka karakanani ina maandishi nyuma, kwa penseli: unga gani, gundi gani, uso gani, mwaka gani. Nilianza hivyo kwa sababu ya picha moja niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha. Ni mwanamke amebeba mtungi, khanga nyekundu, kwenye ubao. Ina vumbi la miaka mingi, na nyuma hamna neno. Niliigusa pembeni kabisa kwa pamba yenye maji. Pamba ilirudi na wekundu. Niliirudisha ukutani ilivyokuwa.